Zaatari Haitaki Maji

Ikolo, Kyela
12 Novemba 2023

Dada Tusajigwe,

Ugonile. Mimi nimeamka, ndaga, asante. Mwanangu Kisa kajifungua huko Makwale alikoolewa, mtoto wa kike, wote wazima. Mvua zimeanza. Tunalima majaruba ya mpunga ya watu, mimi na Gwamaka jirani. Mgongo unauma lakini unafanya kazi. Kaburi la mke wangu nimelipalilia. Mwaka wa pili sasa tangu Naomi aondoke, na nyasi zinaota juu yake kama hazijui.

Simu yangu iliingia maji jarubani. Usipige. Andika. Ukituma mpaka Dar, Amon kondakta wa basi la Kyela anaichukua stendi ananiletea.

Sasa hayo majani. Nimepata pakiti ya makavu na miche sita kwenye gazeti bichi. Umeandika "zaatari, tumia." Nitumie vipi? Niliona yananukia, nikasema kiungo. Nikapata mbasa mmoja mkubwa wa ziwani, nikamtilia majani mkono mzima. Gwamaka akaja kula. Akaonja, akaweka kijiko chini. "Hezroni, hapa umepika samaki au umepika zahanati?" Tukala ndizi tupu.

Miche nimeipanda jarubani, kwenye ule udongo mweusi wa kona, mzuri kuliko wote. Nimeifungulia maji. Majani yanaelea vizuri.

Kifua kinanikohoza tangu kibarua cha mashine ya kukoboa mpunga. Siyo kitu.

Mdogo wako,
Hezroni


Lushoto
2 Desemba 2023

Hezroni mdogo wangu,

Ugonile we mtu wa majarubani. Mimi nipo, baridi ipo, ukungu upo. Hongera ya mjukuu. Mwambie Kisa nitamshonea mtoto kofia vidole vikikubali. Angetile, yule Mnyakyusa mwenzangu wa kule Rungwe tunayepanga naye, anakusalimu. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akakaa chini. Sasa kila nikipika ananiuliza, "Leo samaki au zahanati?"

Yaani umeifungulia maji! Hezroni, huo siyo mpunga. Zaatari haitaki maji. Inataka jua na udongo wa taabu, mchanga mchanga, changarawe, mahali ambapo hata magugu yanalalamika. Ukiipa raha inaoza mizizi. Itoe huko leo, usisubiri kesho. Iweke juu, kwenye tuta au chungu kilichotoboka.

Na matumizi ni haya. Makavu yana nguvu kuliko mabichi, kwa hiyo unatia kidogo, vidole vitatu basi, siyo mkono. Maharage na nyama unatia mapema, vikiwa bado vigumu, ichemke navyo. Samaki unampaka na chumvi na limau kabla hujamchoma. Mabichi unashika kijiti kichwani unavuta kwenda chini, majani yanatoka yenyewe, kijiti unatupa. Kwa kifua, unachukua kidogo, maji ya moto, unafunika kikombe na kisahani mpaka moshi utulie, unatia asali. Kwa mafua unajifukiza chini ya kitenge. Koo likiuma unasukutua na chumvi. Kisa akipata mimba nyingine asiinywe kama dawa, mchuzini tu. Na wewe sikia. Kikohozi kikipita wiki mbili, zaatari siyo hospitali. Nenda ukapime.

Sasa neno lenyewe.

Nimechoka huku. Miaka kumi na tisa nakata zaatari kwenye shamba la watu. Mwanaume aliyenileta huku alikwenda Tanga, hakurudi, unajua. Nataka kurudi nyumbani. Lakini siwezi kuja kwako mikono mitupu nikae nikuangalie unalima, unilishe. Kwa hiyo nimewaza hivi. Huko kwetu hakuna mtu anayelima zaatari. Wenye hoteli wa Mbeya wanaagiza mbali. Hiyo miche sita ndiyo kipimo changu. Ikivuka masika ikiwa hai hapo Ikolo, mwezi wa sita naaga kazi, nakuja na miche mia, tunalima wote. Isipovuka, nabaki huku mpaka mwisho wangu, na usinibembeleze.

Niambie ukweli tu, hai au imekufa. Wewe ndiyo mtu pekee ninayemwamini kwa hilo. Hata utotoni ulikuwa unapigwa kwa sababu ya kusema ukweli ambao hakuna aliyekuuliza.

Dada yako,
Tusajigwe


Ikolo
7 Januari 2024

Dada,

Ugonile. Mwaka mpya umefika. Kanisani walisali sana, mimi nilisinzia. Mjukuu anaitwa Naomi. Sikuwaambia, wamechagua wenyewe. Nilipomshika niliangalia pembeni, Kisa akadhani sijafurahi.

Nilikwenda kupima. Makohozi safi. Daktari alisema ni vumbi la pumba, acha mashine. Nimeacha. Sasa napandikiza mpunga. Chai yako nilikunywa na asali siku saba, kifua kikalainika. Kujifukiza nako nilijaribu. Gwamaka alipita akaona kitenge cha marehemu kinafuka moshi na miguu yangu chini. Alikimbia. Sasa anasimulia kijiji kizima.

Miche niliitoa kwenye maji siku ileile. Miwili ilikuwa imeshakufa. Minne nimeiweka kwenye vyungu vilivyotoboka vya Naomi, na changarawe ya ufukweni nimebeba kichwani kutoka ziwani. Iko hai. Ni midogo. Nikipita naigusa, mkono unanukia mpaka jioni.

Jambo moja. Mchana mmoja nilikunywa ile chai nikajilaza kwenye kichanja cha kuanikia kakao, hakina kitu msimu huu. Nikamwona Naomi. Anatembea juu ya maji ya jaruba, hazami, amebeba ungo. Mpunga unainama anapopita, kama kuna upepo, na upepo haukuwepo. Akafika akanusa. Akasema, "Nani anapika?" Nikasema mimi. Akasema, "Wewe?" Akacheka kile kicheko chake cha pua. Nikataka kumkaribisha, mdomo haufunguki. Nilipoamka mbuzi wa Gwamaka anakula kofia yangu.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Karatasi ilikuwa imebaki.

Ukija utalala kile chumba tulichokuwa tunawekea mpunga. Nimeanza kukisafisha. Hakina mlango.

Hezroni


Lushoto
11 Februari 2024

Hezroni,

Ugonile. Angetile anakusalimu, na anasema mbuzi wa Gwamaka alipishwe kofia. Mjukuu kuitwa Naomi nimelia kidogo, halafu nikafurahi. Kofia yake nimefika nusu. Vidole asubuhi havikunji, mpaka nivitie kwenye maji ya moto, natia na zaatari humo, sijui inasaidia au ni harufu tu inanidanganya.

Huku asubuhi ukungu unashuka mpaka magotini. Napita barabara ya juu, nawaona wanawake chini shambani, vichwa tu na vitambaa vyao, miili hamna. Wanangoja umande ukauke ndiyo wakate. Ukikata na umande majani yanageuka meusi kwenye boksi. Kwa hiyo wanasimama tu ndani ya ule weupe, mikasi mikononi. Jua likitoka harufu inapanda yote kwa pamoja, inakuja mpaka barabarani inakupiga usoni. Siku nyingine nasimama hapo mpaka nasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Kuhusu ndoto yako. Mabibi wa huku wanaweka zaatari ndani ya mto wa kulalia, wanasema inaondoa ndoto mbaya. Yako siyo mbaya. Usiweke. Mwache aje.

Minne iko hai. Nimeandika ukutani kwa mkaa, nne. Angetile ameuliza ni deni la nani. Nimemwambia ni siku zangu za kurudi. Mwezi wa tatu ndiyo mtihani, mvua za kwetu nazijua. Zikianza, weka vyungu chini ya upenu, mchana vitoe kwenye jua, usichoke. Halafu niambie.

Mlango siyo lazima. Pazia linatosha.

Tusajigwe


Ikolo
17 Machi 2024

Dada,

Ugonile. Kisa na mtoto wazima. Gwamaka mzima. Mvua ya siku tisa bila kupumzika. Milima ya ng'ambo imepotea wiki nzima, Gwamaka anasema wamekuja kuichukua. Ziwa limepanda mpaka kwenye migomba ya watu. Barabara ya Mbugani tunavua viatu.

Mlango nimetengeneza. Pazia siyo kitu cha kumwekea dada. Mbao za mninga nimepewa na mzee niliyemvunia kakao mwaka jana, zilizokuwa zimebaki kwenye kitanda chake. Bawaba mbili. Ndani kuna komeo, nje hakuna, ufunge mwenyewe ukitaka. Kitanda nimekiinua kwa tofali, panya wasifike. Ukuta nimepaka udongo mweupe mara mbili. Dirisha linaangalia migomba, asubuhi kijani kinaingia ndani mpaka kwenye kitanda. Nililala humo mara moja kujaribu. Ni kama kulala ndani ya chupa.

Zaatari inaendelea. Nimekutumia kidogo, uione.

Hezroni


Lushoto
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Hezroni,

Ugonile, ugonile tena! Barua yako imechelewa, Amon alinipigia kusema mabasi yamelala njiani siku tatu kwa sababu ya maji. Lakini imefika. Mvua ipo na huku. Angetile ana mafua, nimemfukiza, amenitukana kwa Kinyakyusa chote anachokijua.

Nimesoma habari ya chumba mara nne. Hakuna mtu aliyewahi kunijengea mlango. Hata yule wa Tanga.

Na zaatari nimeipokea. Niliifungua mbele ya Angetile, tukanusa wote wawili. Nikamwambia, unaona, ya Ikolo hii, imevuka masika. Inanuka kama ya huku kabisa, utadhani imekatwa na mkono mmoja. Angetile akataka kusema kitu, nikamwambia nyamaza, acha ninuse.

Basi mambo yamekwisha. Nimemwambia msimamizi naacha mwisho wa mwezi huu. Alisikitika, nikamwambia hapana, nimekaa vya kutosha. Mwezi wa sita nipo kwako. Niandalie jua mahali pa miche mia.

Dada yako mwenye mlango,
Tusajigwe


Ikolo
16 Aprili 2024

Dada,

Barua yako ya mwezi huu sijaipata, kama umeandika. Mabasi hayapiti. Hii nampa Amon akae nayo mpaka njia ifunguke. Tuko wazima wote.

Zaatari imekufa.

Yote minne. Wa mwisho ulikufa tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Niliweka chini ya upenu, nilitoa kwenye jua, jua halikuwepo. Niliwasha hata moto wa pumba pembeni kuukausha udongo. Shina likawa jeusi chini, juu bado kijani, nikajua. Niliung'oa, mizizi ikabaki mkononi kama uzi uliochemshwa.

Ile niliyokutumia ni yako mwenyewe. Ilikuwa imebaki kwenye pakiti ya mwanzo.

Sababu nayo naiandika. Siku ile uliyokuwa unasubiri ukweli nilikuwa nimemaliza kupigilia bawaba. Mlango unafunguka, unafunga. Nikakaa ndani. Nikawaza, nikimwandikia imekufa, hiki kinarudi kuwa chumba cha mpunga. Mwaka wa pili napika sufuria ndogo, nakula nusu, nusu nampa mbwa wa watu. Nikiongea ni jarubani na Gwamaka, na Gwamaka ana mke anamwita saa kumi. Basi nikaandika inaendelea.

Umeniuliza jambo moja tu, na hilo moja nikakudanganya. Tangu siku ile Naomi haji tena ndotoni.

Usiache kazi. Kama umesema unaacha, kawaambie umebadilisha. Hapa hapaoti zaatari. Panaota mpunga, kakao, ndizi na maji.

Hezroni


Lushoto
19 Mei 2024

Hezroni,

Ugonile. Angetile kapona. Kofia ya mtoto nimeimaliza, imepinda upande mmoja, atavaa hivyohivyo.

Barua yako imefika jana, mwezi mzima na siku mbili. Bahasha ina alama ya maji na alama ya chai ya Amon.

Nimekasirika. Nimekasirika vizuri, nimeosha sufuria zote za nyumba hii mpaka Angetile akaondoka. Wewe! Wewe uliyemwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake marefu! Wewe ndiyo wa kuniandikia "inaendelea"?

Halafu nimekaa chini. Maana nilishajua.

Hezroni, nilijua siku nilipofungua ile pakiti. Nilikata mwenyewe hayo majani. Mkasi siku hizi siukazi sawasawa, kidole gumba hakikunji, kwa hiyo vijiti vyangu havikatiki moja kwa moja, vinachanika, vina mkia. Hakuna mwingine shambani anayekata hivyo. Nikaona mikia yangu imekwenda Ikolo na imerudi. Ndiyo Angetile alitaka kusema, nikamnyamazisha.

Nilikuwa nangoja nione kama utasema. Umesema.

Sasa na mimi. Karatasi hii ni yangu, nimalize.

Msimamizi sikumwambia chochote. Yeye ndiye aliyeniambia mimi, katikati ya mwezi wa kwanza. Alikuwa mpole. Akaokota kijiti changu kwenye boksi, akakigeuza, akasema, mama, hii wateja wanarudisha. Tangu siku hiyo sina kazi. Napita ile barabara ya juu kwa sababu miguu imezoea. Wanasimama kwenye ukungu bila mimi. Chumba ni Angetile analipa, mimi napika na kufua, vidole vinavyoruhusu.

Niliposoma minne iko hai, kazi sikuwa nayo tayari. Nikaificha. Nikawaza, nikirudi nyumbani na miche mia, nimerudi mtu mwenye shughuli. Nikirudi bila kitu, nimefukuzwa, nimekuja kwa mdogo wangu mgane kumwongezea mdomo mmoja. Nilitaka majani yaniombee nafasi. Kumbe na wewe ulikuwa unayatuma hayohayo yaniite.

Basi. Zaatari hakuna, kazi hakuna, hoteli ya Mbeya hakuna. Kuna dada mwenye vidole vibovu, anayekoroma, anayejua kupika maharage. Huyo unamtaka? Nijibu. Usinizungukie.

Tusajigwe


Ikolo
28 Mei 2024

Salamu nimeruka.

Njoo.

H.


Ikolo
15 Juni 2024

Dada,

Karatasi hii siitumi. Amon amesema ulipanda jana Dar na leo saa nane unashuka stendi ya Kyela. Amesema atakupandisha bajaji mwenyewe mpaka kwangu. Mimi siwezi kuwepo. Leo wanavuna jaruba la mwisho la mzee wa upande wa ziwani, wasipovuna leo ndege wanamaliza. Nimeiweka mezani chini ya kikombe. Ufunguo Gwamaka amekupa, maana unasoma.

Nitakaa jarubani siku nzima nawaza unafika, kwa hiyo naandika yote sasa. Nyumba utaiona mwenyewe lakini nakwambia kabla hujaikalia.

Paa linavuja upande wa mashariki. Chumba chako halivuji, nilijaribu kwa ndoo. Choo kiko mbali kidogo, njia nimeifyeka. Mimi siongei nikirudi kazini mpaka nimeoga. Naomi alikuwa ananiacha. Ukinisemesha nitajibu vibaya, halafu nitajuta, halafu sitasema nimejuta.

Kula nakula kidogo. Nguo nafua Jumamosi. Kikohozi kinarudi mvua ikiwa nyingi, sikukuandikia hilo, nakwambia leo. Kilirudi mwezi wa nne kikaondoka. Nitakwenda kupima tena, twende wote kama unataka kuhakikisha.

Maharage yako jikoni. Nilitia zaatari yako iliyobaki, mapema, yakiwa magumu kama ulivyosema. Vidole vitatu, nilihesabu. Gwamaka alionja, akala mpaka akaomba kupeleka kwa mkewe. Kwa hiyo siyo zahanati. Mchele wa mwaka huu uko kwenye ndoo ya buluu, umekobolewa juzi, utaunusa kabla hujafungua mfuniko. Pale pembeni kuna ndizi zimeiva, nimezifunika na majani yake.

Miche mitatu uliyomwambia Amon kwamba unakuja nayo kwenye mkebe, sijui utaiweka wapi. Hata ikifa usiogope kuniambia. Mimi sitaogopa kukwambia.

Sasa la mwisho. Nimelala vibaya juu ya hili. Labda unaona nyumba, unaona huyu mtu, unaona siyo. Siyo dhambi. Basi la kurudi linaondoka alfajiri, begi nitakubebea mwenyewe mpaka stendi na sitauliza. Ila sitaki nirudi nikukute umekaa kitandani na viatu, halafu nisubiri useme. Kusubiri mtu aseme mimi siwezi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nyuma ya nyumba kuna kamba ya nguo. Kutoka jaruba la mzee, njia inapanda kwenye tuta, na ukifika juu ya tuta unaiona kamba yote mpaka mwisho. Nitapita hapo saa kumi. Kama unabaki, fua nguo zako za safari, zianike. Nitajua nikiwa mbali, nitakuwa na muda wa kupanga uso.

Kama hakuna nguo, nitakaa kwanza kidogo kwenye tuta.

Hezroni


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa mwandiko wa Tusajigwe:)

Nimeanika. Kamba yako fupi, nguo nyingine nimezitundika kwenye mgomba.